Kazi Yangu Ilikuwa Kukaa

Kahawa iliyoachwa kwenye beseni kupita wakati wake hunuka siki, na chini ya siki kuna harufu nyingine, kama ya kitunguu kilichosahauliwa ndani ya mfuko. Asubuhi ile niliisikia nikiwa mlangoni, kabla sijavaa viatu. Nilijua ni kahawa ya binti yangu, na nilijua ni mara ya pili katika msimu mmoja.

Nyumba yetu iko Karambi, juu kidogo ya Bwera. Ukisimama nyuma ya jiko unaona bonde, na ng'ambo ya bonde ni Kongo. Shamba la kahawa linaloshuka kutoka jikoni hadi kwenye kijito lilikuwa la mke wangu. Nasema lilikuwa lake ingawa ardhi ni ya ukoo wangu, kwa sababu miche aliileta yeye kichwani na mashimo alichimba yeye. Miaka hiyo mimi nilikuwa mgodini, kwenye shaba, juu ya mji wa Kasese, na nyumbani nilirudi mwisho wa mwezi. Alipokuwa mgonjwa aliniambia shamba liende kwa binti yetu.

Kwetu mashamba huenda kwa watoto wa kiume. Binti hutazamiwa kulikuta lake kwa mume. Lakini binti yetu alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, na alikuwa amerudi kutoka Kasese bila mume, na bila ile kazi ya dukani aliyokuwa nayo, maana mwenye duka alichoka kusimama barabarani akimsubiri aje kufungua. Baada ya mazishi ya mama yake kaka zangu walikaa nami tukakubaliana. Atunze shamba kwa msimu mmoja mkubwa. Kahawa yake ikifika kwa mnunuzi ikiwa safi, shamba ni lake. Akishindwa, litakwenda kwa mtoto wa kaka yangu tunayepakana naye, mtu wa bidii ambaye hata majani ya migomba yake hukatwa yakalingana. Neno la mwisho waliniachia mimi.

Kahawa ya mlimani haina subira. Huvunwa mchana na kutolewa ganda jioni ileile, kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kisha hulazwa kwenye beseni ili ute ulioishika uchache na kuachia. Asubuhi unachoma kijiti katikati ya kahawa na kukichomoa. Tundu likijifumba, ngoja kidogo. Tundu likibaki wazi, ioshe sasa hivi. Ukichelewa, ile harufu inaingia ndani ya punje na hakuna maji ya kijito yatakayoitoa. Mnunuzi wa Bwera hutia mkono kwenye gunia, hunusa vidole, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa binti yangu tabu ilikuwa katika hilo neno "sasa hivi".

Nilimkuta nyuma ya ghala. Alikuwa ameamka kabla yangu, na kweli alikuwa ameondoka kwenda kuosha kahawa. Njiani aliona wavu wa kichanja cha kuanikia umechanika. Akaenda kutafuta waya. Katika kutafuta waya akaikuta redio ya mama yake, ambayo ilikuwa imenyamaza tangu kabla ya msiba, akaifungua kwa kisu. Nilipofika alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi. Vyuma vidogo alikuwa amevipanga juu ya jani la mgomba kwa utaratibu ambao sikuuona hata kwa mafundi wa mgodi, na redio ilikuwa inaimba.

"Tata," aliniambia, kama sisi tunavyowaita baba zetu, "imepona."

"Na kahawa?"

Niliuona uso wake ukibadilika. Hakuwa ameipuuza kahawa. Ilikuwa imetoka kichwani mwake kama mtu anavyotoka chumbani, na jina lake lilipotajwa ikarudi na kumkuta hajajiandaa. Hilo naliona leo. Siku ile nilimwambia maneno niliyokuwa nikimwambia tangu akiwa msichana wa shule, na siyaandiki hapa kwa kuwa sina cha kujivunia ndani yake.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa anapita njiani na jembe begani.

"Baba mdogo," aliita kutoka nje ya ua, "leo mnapika pombe gani? Harufu imenifuata mpaka shambani."

"Pita na safari yako."

"Napita. Mkiipakua mniite."

Redio ile, kwa kuwa ilikuwa imepona, ilikaa jikoni ikisema kutwa nzima. Siku chache baadaye kulikuwa na kipindi cha afya kwa familia za askari, kwa Kiswahili. Muuguzi mmoja wa Kasese alikuwa anazungumzia watu wazima ambao kichwa chao hakitulii mahali pamoja: wanaanza kazi nyingi, wanaacha nyingi, wanafika wakati wenzao wanaondoka, na maisha yao yote wameitwa wavivu. Binti yangu aliingia na mikono inayotiririka maji ya vyombo, akakaa sakafuni mbele ya redio.

"Tata, huyu mwanamke ananijua," alisema.

"Umewahi kukutana naye?"

"Hapana. Ndiyo maana nashangaa."

Tulikwenda Kasese kumwona. Tulifika tumechelewa, kwa kuwa alirudi nyumbani mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya kadi ya zahanati na mara ya pili kwa ajili ya kadi ileile. Muuguzi alikuwa mama mnene kutoka kaskazini ya nchi, mume wake mwanajeshi, na kwa kuwa hakujua lugha yetu ya mlimani alizungumza nasi Kiswahili cha kambini, ambacho mimi nilikielewa kutoka mgodini.

"Mumechelewa," alisema.

"Ndiyo, sista. Utusamehe."

"Vizuri. Wanaokuja mapema mimi nawarudisha nyumbani." Akacheka peke yake, akatuonyesha viti.

Hakutoa jibu siku hiyo. Alitaka tuje tena, na tena, na kila mara aliuliza. Alitaka kujua binti alikuwaje alipokuwa na umri wa darasa la pili, walimu walisema nini, alilala vipi, hasira zake zilikujaje. Mwisho alituambia jambo hili lina jina refu la Kizungu ambalo madaktari hulifupisha kwa herufi nne, ADHD, na kwamba mtu huzaliwa nalo.

"Kwa hiyo si uvivu?" niliuliza.

"Mzee, mvivu anapumzika. Huyu mtoto yako, lini umemuona amepumzika?"

Nilitafuta kichwani mwangu siku kama hiyo, sikuipata.

"Wewe ukiwa sokoni Mpondwe unaongea na mtu," aliendelea, "unasikia nani?"

"Namsikia huyo ninayeongea naye."

"Sasa huyu anasikia soko yote. Anasikia anayepunguza bei, anasikia redio ya kinyozi. Anasikia mpaka mbuzi."

Binti yangu alicheka, na kabla kicheko hakijaisha machozi yalikuwa yanamtoka. Sista alimwacha alie. Kisha akatueleza kuwa dawa zipo na huwasaidia watu wengi, ila daktari wa kuziandika yuko Kampala na kuzipata huku kwetu si rahisi. Atatuandikia barua ya kwenda kwake, twende tukiweza. "Lakini tukikaa kungoja hiyo, kahawa inaoza. Tuanze na vitu muko navyo nyumbani."

Nikasema, na sikusema kwa ubaya, kwamba mtu mzima anatakiwa awe na saa kichwani mwake.

"Mzee, wewe ulifanya kazi mgodini?"

"Miaka mingi."

"Nani alikuamsha?"

"King'ora."

"Saa ya kula ulijuaje?"

"King'ora."

"Na kutoka?"

Jibu alikwisha kulijua.

"Na siku ile mgodi ulifunga?"

Kaka zangu ndio wangeweza kumjibu. Mgodi ulipofungwa nilirudi Karambi, na kwa muda mrefu nilikuwa mtu anayekaa kwenye kizingiti hadi jua linamfikia magotini, bila kujua nianze na nini. Mke wangu ndiye aliyenirudisha kwenye mwendo, kwa kunipigia sufuria. Nilikuwa nimesahau. Nilikaa pale kwenye kiti cha zahanati na mshangao ulinipanda kutoka miguuni, kwamba maisha yangu yote niliyojisifia kuwa mtu wa wakati, wakati wenyewe ulikuwa juu ya nguzo, ukipigwa na watu wengine.

"Sasa yeye hana king'ora," sista alisema. "Tutamtengenezea. Lakini yeye ndiye atatengeneza. Mimi sikai kwenye kichwa yake. Mimi nauliza tu."

Akamgeukia. "Kuna wakati kahawa ilikuwa haikushindi?"

"Zamani sikuharibu kahawa," binti alijibu.

"Zamani wakati gani?"

"Mama akiwa hai."

"Mama alikuwa anakukumbusha?"

Alifikiri. "Hapana. Mama hakuwa mtu wa kusema."

"Basi nini kilikuwa tofauti?"

"Sijui."

"Nenda uangalie. Ukijua, utaniambia."

Tulipokuwa tunainuka aliniita mimi. "Mzee, na wewe uko na kazi. Akiwa anafanya yake, wewe utakaa karibu."

"Nimsaidie nini?"

"Usimsaidie."

"Nimkumbushe?"

"Usimkumbushe. Kaa."

"Nikae tu?"

"Kama sentri kwenye geti ya kambi."

"Hata sentri, sista, huwa anasema 'simama'."

"Wewe hata hiyo usiseme."

Kwa mtu aliyewahi kuwa msimamizi wa stoo mgodini, hakuna kazi ngumu kama hiyo. Nilichukua kigoda na ungo wa maharage ya kuchambua, nikakaa karibu na sehemu ya kuoshea kahawa. Asubuhi ya kwanza alikuwa ameosha nusu ya beseni alipoinuka na kutazama migomba. Nikaona kabisa anavyoondoka, mwili bado uko pale. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Unaona sasa, ndiyo tabia yako hii." Aliacha kila kitu akaingia ndani.

Jirani yetu, mama mmoja Mkongomani aliyevuka mpaka na watoto wake miaka ya nyuma na kupanga nyumba chini yetu, alikuwa anachota maji. Aliweka jerikeni chini.

"Muzee, uko unatumikisha mudomo," aliniambia. "Acha mutoto atumike." Kwao kutumika ni kufanya kazi.

Asubuhi iliyofuata niliuma maharage mabichi ili nisiseme.

Nikawa naona. Nilikuwa nimeishi na binti yangu miaka yote hiyo na sikuwahi kumtazama akifanya kazi bila kuwa na neno la kumwambia. Alipoanza kuelekea kwenye migomba kwa macho, nilichambua maharage. Punje ilipodondoka kwenye ungo alinitazama, akakumbuka mimi ni nani na yeye yuko wapi, akarudi kwenye beseni. Ni hivyo tu. Sikuwa nimefanya lolote. Sijui hadi leo mwili wa mtu aliyekaa kimya una nini ndani yake hata uweze kumshika mwingine kama kamba, lakini nimekuwa ile kamba na nimeona ikivutika.

Vingine alivitafuta mwenyewe, akiulizwaulizwa na sista kila tuliporudi Kasese. Aliandika mambo ya kufanya kwenye karatasi akaibandika ukutani, na ilifanya kazi hadi macho yake yalipoizoea, ikawa sehemu ya ukuta. Aliitoa bila kuhuzunika. Simu ya kumwamsha alikuwa akiizima na kulala; akaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuitundika kwenye mti juu ya beseni la kahawa, na alipofika kuinyamazisha miguu ilikuwa tayari ndani ya maji. Aligundua pia kwamba "kuosha kahawa" ni kazi kubwa mno kuingia mlangoni mwa kichwa chake, akaacha kujiambia aoshe kahawa. Alijiambia avae buti. Buti alizilaza mlangoni ili azikanyage akitoka, na mtu aliyekwisha kuvaa buti, aliniambia, anajisikia mjinga akirudi kitandani.

Na kazi ilipomshika, ilimshika kwelikweli. Punje zenye ute huzungushwa majini bila sauti. Zikitakata hukwaruzana kama kokoto. Mimi nilipojaribu kuzungusha nilihitaji kuinama nitege sikio. Yeye aliinua kichwa akiwa upande wa pili wa ua, anakung'uta wavu, akasema, "Hilo tayari, Tata," na lilikuwa tayari. Aliisikia mvua ikivuka mgongo wa mlima wakati sisi wengine tunaona jua, na vichanja vyetu vilikuwa vimefunikwa tone la kwanza lilipoanguka. Mtoto wa kaka yangu, mtu wa bidii, alikuwa bado anakimbia na maturubai. Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama mtu anayesikia soko lote, na kwa mara ya kwanza nikatamani kujua soko hilo linasikikaje.

Lakini jioni, kwenye mashine, mambo yalikuwa bado magumu. Mashine ile niliinunua mimi baada ya msiba. Nilitaka binti asitaabike tena kwenda kwa watu na kahawa kichwani, nikaifunga nyuma ya ghala na kuizungushia mabati ili isiibiwe. Alizungusha mkono kidogo, akaacha, akazungusha. Jioni moja aliacha kabisa, akawa anatazama mabati.

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeanza kuwa sentri mzuri.

"Tata," alisema, "hii mashine ilikuja lini?"

"Baada ya mama yako."

"Na kabla ya hapo?"

Kabla ya hapo walikuwa wakienda kwa mwenye mashine, mbali kule chini ya mlima, kama watu wote wa upande wetu. Wanawake hufika na ndoo zao, mmoja anamimina, mwingine anazungusha, anazungusha kahawa ya mwenzake wakati yake inangoja, na maganda yanabaki kuwa mbolea ya migomba ya mwenye mashine. Kwa kuwa wote wametoa maganda jioni moja, asubuhi wote hukutana kijitoni wakati mmoja kuosha. Mke wangu na binti walikwenda hivyo miaka yote.

"Kule sikuharibu hata mara moja," binti alisema polepole. "Nilikuwa sioshi kwa sababu nimekumbuka. Nilikuwa naosha kwa sababu wote wanaosha."

Mtu yeyote wa mlima wetu angekuambia kwamba kuwa na mashine yako mwenyewe ni baraka, na anayemnunulia binti yake mashine ni baba mwema. Nami niliinunua, nikaizungushia mabati, na humo ndani nikamfungia binti yangu peke yake na kichwa chake. King'ora chake kilikuwa ni watu. Mke wangu, ambaye hakusoma, na ambaye hakuwa na jina la jambo lile kwa lugha yoyote, alikuwa akimpeleka kila jioni mahali penye watu. Sijui kama alijua. Hilo ningependa kumuuliza kuliko karibu jambo lolote lingine.

Tuliihamisha mashine hadi kando ya njia, tukaweka miti minne na yale mabati juu kama paa, tukawaambia majirani waje. Mama Mkongomani alikuwa wa kwanza.

"Baba mdogo," mtoto wa kaka yangu alisema alipopita, "umenunua mashine ukaipa barabara?"

"Wewe kuya uzungushe," yule mama alimjibu kabla yangu. "Mikono yako imenona bure."

Akaja, akazungusha, akinung'unika. Hata yeye alirudi kesho yake na ndoo zake, kwa kuwa mashine ya mbali humchelewesha mtu wa bidii pia.

Mavuno ya mwisho ndiyo makubwa. Kahawa ile iliyoharibika mara mbili tulikuwa tumeimwaga shimoni, na kaka zangu walikuwa wamesema wazi kwamba mzigo huu wa mwisho ndio watakaouhesabu. Siku ileile ya kutoa maganda nikaletewa habari ya msiba Bwesumbu, ndugu wa upande wa mama yangu. Msiba hauahirishwi. Nilimwacha binti kwenye mashine katikati ya wanawake, mikono myekundu, nikaondoka nikijua kwamba asubuhi hakuna atakayekaa kwenye kigoda.

Alfajiri, kule msibani, nilishika simu mkononi. Kidole kilikuwa juu ya jina lake. Nikafikiri, nikimpigia na akaamka, kahawa itakuwa imeoshwa na mimi. Nikairudisha simu mfukoni, na sikumbuki chochote kilichohubiriwa kwenye mazishi yale.

Nilirudi Karambi mchana. Kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba nilisimama nikavuta hewa kama mbwa. Niliisikia harufu ya udongo uliolowa, na ya maganda mabichi. Nikavuta tena. Siki haikuwepo.

Kilichokuwepo ni harufu ya uji ulioungua, kutoka jikoni, na redio ya mama yake ikiwa nje juu ya jiwe, imenyeshewa, imenyamaza tena. Na vichanja vyote vilikuwa vimejaa. Kahawa ilikuwa imetandazwa safi, rangi ya ganda la yai, na binti yangu na mama Mkongomani walikuwa wakiigeuza kwa mikono, wakibishana kuhusu jambo fulani la kanisani.

"Nani alikuamsha?" nilimuuliza.

"Huyu," akasema.

"Mimi sikumuamusha," mama akasema. "Nimekuta amevaa buti."

Binti akanieleza. Sista alikuwa amemuuliza, siku mzee hayupo, nani atakaa? Akalibeba swali hilo nyumbani. Na jioni ile ya mashine alimwomba mama Mkongomani aiache kahawa yake ilale huku kwetu, kwenye beseni karibu na letu, asiibebe kwenda nayo kwake. Kwa hiyo alfajiri mama angekuja kwa ajili ya mali yake, mvua au jua.

"Nilijua akinikuta nimelala atanisema mpaka Krismasi."

"Mpaka Pasaka," mama akasahihisha, mikono ikiwa kwenye kahawa.

Nikatafuta pa kukaa. Sikumfundisha jambo hilo, wala sista hakumfundisha. Kwenye kichwa ambacho niliwaambia watu kwa miaka mingi kuwa ni kitupu, alikuwa ametengeneza king'ora kwa beseni la jirani.

Kahawa ilipokauka mnunuzi wa Bwera alitia mkono kwenye gunia. Alinusa vidole. Akatia mkono wa pili, chini zaidi, akanusa tena, na kuniuliza hii ni ya nani. Nikamwambia aelekeze maneno yake kwa mwenye mali, amesimama pale.

Wiki ile kaka zangu walikuja kupanda mpaka. Kwetu shamba likibadilika mkono hupandwa ile mimea ya majani marefu, isiyokufa kwa jua, kwenye kila pembe, na anayepewa ndiye anayeshika mche. Tulisimama kwenye pembe ya chini, karibu na kijito: kaka zangu, mtoto wa kaka yangu kama jirani wa mpaka, binti na mimi. Shimo likachimbwa. Kisha binti akajitazama mikono.

"Miche nimeiacha jikoni," akasema, akapanda mlima mbio.

Tulingoja. Kaka yangu mkubwa alikohoa. Kivuli cha mgomba kiliondoka kwenye shimo kikafika kwenye miguu yetu. Mtoto wa kaka yangu alifyonza meno.

"Ameshapotea. Baba mdogo, mwite."

Kulikuwa na jiwe. Nikakaa. "Kaa na wewe," nikamwambia.

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu."

Akakaa, hakupenda. Tulikaa hapo muda wa kutosha mimi kuanza kusikia kijito, ambacho kimekuwepo siku zote. Kisha matawi ya kahawa yakatikisika na binti yangu akatokea, siyo kutoka upande wa nyumba, kutoka upande wa maji, nguo imelowa hadi kiunoni. Mkono mmoja ulikuwa na miche. Mkono mwingine ulikuwa unavuta kamba, na mwisho wa kamba alikuwa mbuzi wa mtoto wa kaka yangu, yule jike mwenye mimba, ametapakaa matope hadi masikioni.

"Alikuwa amenasa kwenye mizizi kule chini," akasema akihema. "Hamkumsikia?"

Hakuna aliyekuwa amesikia. Mtoto wa kaka yangu aliinuka akapokea kamba, akampapasa mbuzi tumboni, akamtazama dada yake. Binti alikuwa tayari amepiga magoti kwenye shimo, anaweka mche sawa na kurudisha udongo kwa viganja. Mimi nilibaki kwenye jiwe hadi alipomaliza.